Barua ya wazi kwa Wizara ya Nishati na TANESCO: Hesabuni megawati pale zinapofika

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Mkurugenzi Mtendaji, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO),
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).
Nakala: Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini.

YAH: MITAMBO YA UPEPO NA JUA IPANGWE PAMOJA NA NJIA ZA KUSAFIRISHA UMEME, KARIBU NA WALAJI

Waheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Singida na mteja wa LUKU kama Watanzania wengine. Nimechagua kuwaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linalipiwa na kila anayenunua uniti, hivyo si haki likabaki kwenye mafaili.

Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaeleza wananchi kwamba Serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uhudumie mikoa ya Kaskazini. Sababu aliyoitoa ilikuwa umbali. Umeme wetu unazalishwa mbali na Kaskazini, unasafiri mwendo mrefu, na unaopotea njiani unaligharimu taifa takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Mjadala uliofuata ulikwama kwenye swali moja: inakuwaje nchi iliyotoka kukamilisha Bwawa la Julius Nyerere ikanunue umeme kwa jirani? Swali hilo ni halali, lakini kuna lililo zito zaidi ambalo halikuulizwa: nani alipanga mitambo yetu ikae mbali hivyo na walaji, na mtambo ujao utawekwa wapi?

Sipingi kununua umeme nje. Ninachopinga ni kulichukulia tatizo hili kana kwamba lilishuka kutoka mbinguni, wakati lilitokana na mipango na litarekebishwa na mipango. Hoja zangu ni hizi.

1. Mnahesabu megawati mahali pasipo na mlaji.

Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Mashine ya kwanza iliingizwa kwenye Gridi ya Taifa Februari 2024, na hadi Aprili 2025 zote tisa zilikuwa zimekamilika. Uwezo wa mitambo yote nchini ukapita megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa, yale ya jioni, yalikuwa karibu nusu ya kiasi hicho. Machi 2024, mvua zilipozidi, baadhi ya mitambo ya maji ilizimwa kwa kuwa umeme ulikuwa mwingi kuliko matumizi.

Ziwekeni taarifa hizi mbili pamoja: mwaka mmoja tunazima mitambo kwa wingi wa umeme, mwaka unaofuata tunatangaza kununua umeme nje. Kinachozipatanisha ni mahali. Ukiwa na simtank la lita elfu tano lakini bomba linaloingia jikoni ni la nusu inchi, sufuria itajaa kwa kasi ya bomba, na ukubwa wa tanki hautabadilisha kitu. Hata hivyo taarifa zenu kwa umma, kwenye uzinduzi hadi bungeni, hutaja tanki tu. Mwananchi wa Same hanunui megawati za Rufiji. Ananunua zile zilizofika Same.

2. Njia ya Kaskazini haikujengwa kwa mzigo huu.

Umeme wa bwawa unasafirishwa kwa msongo wa kilovoti 400 hadi Chalinze, takriban kilomita 160. Kutoka pale kwenda Kaskazini, njia ya siku zote inayopita Hale hadi Moshi na Arusha ni ya kilovoti 132. Tofauti ya namba hizo ni hesabu ya sekondari. Joto linalopotea kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo, na mkondo hupungua kadiri msongo unavyopandishwa. Kiasi kilekile cha umeme, kwenye waya uleule na umbali uleule, kikipitishwa kwa kilovoti 132 badala ya 400, hupoteza karibu mara tisa zaidi. Ipo njia nyingine inayozunguka kwa Dodoma na Singida, lakini huko umeme wa Rufiji unaongezewa mamia ya kilomita kabla haujaiona Arusha.

Anayeishi mwisho wa njia dhaifu haihitaji hesabu hiyo. Jioni, watu wanapowasha taa, pasi na majiko kwa pamoja, umeme unapungua nguvu. Fundi wa kuchomelea anagusisha kijiti kwenye geti na kijiti kinaganda pale badala ya kuyeyuka, anakivunja, anajaribu tena, mwishowe anamwambia mteja arudi kesho. Kwenye mashine ya kusaga mota inanguruma bila kuzunguka, na mwenye mashine anakimbilia swichi kabla haijaungua. Mwenye duka la vinywaji ananunua stabilaiza kwa bei ya mtaji wa mwezi. Kwenye taarifa zenu jioni hiyo huhesabiwa kuwa umeme ulikuwepo.

3. Mtambo unatangulia, njia inakuja baadaye.

Mkataba wa kujenga bwawa ulisainiwa Desemba 2018, na maji yakaanza kujazwa Desemba 2022. Ilikuwapo miaka ya kutosha kuandaa njia kubwa za kuutoa umeme Chalinze kwenda katikati na kaskazini mwa nchi. Lakini mashine ya tisa ilikamilika huku njia ya kilovoti 400 ya Chalinze hadi Dodoma, takriban kilomita 345, ikiwa bado inajengwa. Bwawa lenyewe silalamikii mahali lilipo, maana maji ya Rufiji hayahamishiki. Lakini kinachozalishwa pasipohamishika kilipaswa kuandaliwa njia kabla ya kitu kingine.

Majirani wametufundisha somo hili kwa gharama yao. Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, wawekezaji walisimamisha mitambo 365 ya upepo yenye jumla ya megawati 310. Mwaka 2017 mitambo ilikuwa tayari. Njia ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa haikuwa tayari, kampuni ya Kihispania iliyokuwa ikiijenga ilifilisika, na njia ikaja kukamilika Septemba 2018. Muda wote huo upepo ulivuma bure, na kwa kuwa mkataba uliitaka Serikali ilipie umeme ambao ungezalishwa, mabilioni ya shilingi za Kenya yakatoka kulipia umeme usiomfikia mtu.

Afrika Kusini walifikia ukuta huohuo kwa upande mwingine. Kwenye zabuni yao ya sita ya nishati jadidifu, mwaka 2022, hakuna hata mradi mmoja wa upepo uliochaguliwa, kwa sababu gridi ya majimbo ya Cape, yenye upepo bora, ilikuwa imejaa.

Waliofanya kinyume chake wapo. Mwaka 2005 jimbo la Texas, Marekani, lilipitisha sheria ya kuainisha kwanza maeneo yenye upepo mwingi, kisha kujenga njia za kuyafikia kabla ya mitambo yote kusimama. Njia za takriban kilomita 5,800 zilikamilika kufikia mwanzoni mwa 2014, kwa gharama ya karibu dola bilioni 7. Wawekezaji wakazifuata njia. Hatuna fedha za Texas, ndiyo maana hatuna ruhusa ya kukosea mpangilio.

4. Upepo wa Singida umepimwa, njia ipo, mtambo hakuna.

Waheshimiwa, hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Vipimo vya Kititimo, pembeni ya mji wa Singida, vilionyesha wastani wa kasi ya mita 9.9 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 30. Makambako ni mita 8.9. Hizo ni kasi ambazo nchi nyingi zenye viwanda zinazitafuta baharini. Wawekezaji wamekuja Singida kwa miaka na mipango ya makumi ya megawati, hata mia moja. Wameandika ripoti, wameongea na vijiji, wameondoka. Mtambo wa upepo tunaoweza kuutaja kwenye gridi yetu uko Mwenga, Mufindi, na una megawati 2.4 tu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

Zamani mlikuwa na udhuru kwamba hakuna njia ya kuutoa umeme huo. Udhuru huo umekwisha. Njia kuu ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, ya kilomita 670, imejengwa kwa kiwango cha kilovoti 400. Kutoka Singida inaondoka njia nyingine ya kilovoti 400 inayopita Babati, inaingia kituo cha kupoza umeme cha Lemugur, Arusha, kisha inavuka Namanga kwenda Isinya nchini Kenya. Kilomita 414 za njia hiyo ziko ndani ya Tanzania. Kwa maneno mengine, Singida tumekaa kwenye makutano ya barabara kuu mbili za umeme, na moja inakwenda moja kwa moja kwa hao watu wa Kaskazini mnaowatafutia umeme.

Umeme wa Ethiopia utapita kwenye njia hiyohiyo, ila kutokea upande wa pili. Utaondoka Wolayta Sodo, utasafiri kilomita 1,045 hadi Suswa, ndipo uanze safari ya Isinya na Namanga. Kwa haki, njia ya Ethiopia na Kenya ni ya kisasa, ya mkondo mnyoofu wa kilovoti 500, na haipotezi sana. Lakini njia yenyewe italipiwa, mpitishaji atalipwa, na bei itafungwa kwenye mkataba unaotegemea mvua za nchi nyingine na siasa za nchi mbili. Upepo wa Kititimo hauvuki mpaka wowote kufika Arusha.

Gesi ya Mtwara ilikuwa rahisi kwa maana hii: mwaka 2015 tulikamilisha bomba, tukaileta Dar es Salaam, ikachomwa Kinyerezi na Ubungo, jirani na mlaji. Upepo na jua haviingii kwenye bomba. Mahali pa mtambo na mahali pa njia ni uamuzi mmoja, na ninyi mmeendelea kuugawa kwenye meza mbili.

5. Majibu mliyozoea kutoa hayatoshi.

Mtasema upepo hauaminiki, leo upo kesho haupo. Ni kweli kwa nchi isiyo na mabwawa. Sisi tuna Mtera, Kidatu, Kihansi na sasa Julius Nyerere. Upepo ukivuma, fungeni maji, ukitulia, yafungulieni. Tena kila mwenyeji wa huku anajua kwamba upepo wa Singida hushika kasi kiangazi, wakati mabwawa yanaposhuka. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2022, na ule ulioanza Septemba 2023 ukaendelea hadi mapema 2024, ulitukuta maji yakiwa haba na mitambo ikiwa haitoshi. Mtambo wa upepo wakati ule usingemaliza mgawo, lakini ungetunza maji.

Mtasema bei ya wawekezaji ni kubwa. Ilinganishwe na nini? Kama ni na bei ya uniti ikitoka mlangoni mwa bwawa, mlinganisho huo umepinda. Linganisheni uniti ya Singida iliyofika Lemugur na uniti ya Rufiji iliyofika Lemugur, pamoja na upotevu wa njiani na gharama ya njia mpya itakayohitajika. Bei ya mtambo bila bei ya safari ni nusu ya ankara.

Na kama ni kuthubutu, mmeshathubutu. Mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, wenye lengo la megawati 150 ukianza na 50, umewekwa karibu na njia kuu na karibu na migodi ya Kanda ya Ziwa. Malagarasi, megawati 49.5, umepangwa kwa ajili ya Kigoma, mkoa ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli. Kakono, Kagera, unalenga mkoa uliotegemea umeme wa Uganda. Hiyo ndiyo akili ninayoizungumzia. Swali ni kwa nini imeishia magharibi, isifike kwenye upepo wa Singida na mahitaji ya Arusha, Moshi na Tanga.

6. Wanaopisha njia wanaachwa gizani.

Mkuza wa njia ya kilovoti 400 ukipita shambani kwako, hujengi ndani yake wala hupandi mti mrefu. Mkulima wa alizeti wa Singida anaendelea kulima chini ya nyaya, na usiku mtoto wake anasomea taa ya sola ya kubandika dirishani. Mhandisi atamweleza, na ni kweli, kwamba umeme wa msongo ule hauwezi kuchotwa bila kituo cha kupoza. Lakini uamuzi wa kutoleta laini ya usambazaji kutoka kituo kilicho karibu hauna uhusiano na sayansi. Ni suala la nani alifikiriwa wakati bajeti inaandikwa.

Kenya wamelipa pia kwa kupuuza ardhi. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Loiyangalani, ekari 150,000, hazikupatikana kwa kufuata sheria. Mitambo ikiwa imeshazinduliwa na Rais wa nchi, mradi ukajikuta unatetea uhalali wa ardhi uliyosimama. Vijiji vyetu vinapenda maendeleo, ila vinakumbuka.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo:

(a) Chapisheni kila mwaka ramani ya umeme kwa mkoa: mahitaji ya juu, uzalishaji uliopo, uwezo wa njia na transfoma zinazoulisha mkoa, na upotevu wa kila njia. Taarifa hizo mnazo kwenye chumba cha kuendeshea gridi. Bilioni 32 zilizotajwa Kilimanjaro zipotelee mahali panapojulikana kwa jina.

(b) Kusiwe na mkataba wa kuuziana umeme unaosainiwa kabla ya njia yake kuwa na fedha, mkandarasi na mkuza uliolipiwa fidia. Tarehe ya mtambo na tarehe ya njia ziandikwe kwenye ukurasa mmoja.

(c) EWURA ipime zabuni kwa bei ya umeme uliofika kwenye kituo cha kupoza cha mlaji. Anayejenga karibu na uhitaji apate alama za ukaribu huo.

(d) Itangazwe zabuni shindani ya upepo kwa Singida na Makambako, kwa kiasi ambacho vituo vya kupoza vya huko vinaweza kukipokea bila kusubiri njia mpya. Kipimo cha upepo kilichokwishafanyika kiwekwe wazi kwa washindani wote.

(e) Mkataba wa umeme wa Ethiopia uletwe mbele ya Bunge: bei, ada ya kupitisha Kenya, muda, na masharti ya kupunguza ununuzi pale uzalishaji wa ndani utakapokua. Uwe daraja la miaka michache, usiwe nyumba ya kuhamia.

(f) Njia ya Chalinze kwenda Kaskazini iongezwe msongo, na ratiba yake itangazwe pamoja na ile ya Chalinze hadi Dodoma. Upepo wa Singida hautaondoa haja ya njia hiyo, hasa kwa Tanga.

(g) Vijiji vinavyopisha njia na mitambo vilipwe fidia ndani ya miezi sita kama sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inavyotaka, na viunganishwe na umeme kabla njia haijawashwa. Mitambo ya upepo ikisimama kwenye ardhi ya kijiji, kijiji kipate pango la kila mwaka, badala ya malipo ya mara moja yanayoishia kwenye sherehe.

Waheshimiwa, Januari 2025 Dar es Salaam ilipokea viongozi wa Afrika na kuahidi, pamoja nao, kuwafikishia umeme watu milioni 300 barani kufikia 2030. Tanzania iliweka saini yake. Ili ahadi hiyo itimie tutajenga mitambo mingi zaidi ya tuliyonayo, na sehemu kubwa itakuwa ya jua na upepo, ambayo haichukui muda mrefu kusimama kama bwawa. Njia kubwa huchukua miaka. Kwa hiyo uamuzi wa mahali hauwezi kusubiri mwekezaji aje na ramani yake. Mkiendelea na utaratibu wa sasa, mtazindua megawati nyingi zaidi na jioni ya Kaskazini itabaki ilivyo, na ankara ya upotevu itaendelea kugawiwa kwetu kupitia LUKU bila kuandikwa popote kwenye risiti.

Nawaomba mjibu barua hii hadharani, hoja kwa hoja, kabla ya bajeti ijayo ya Wizara kusomwa. Na ninyi wabunge wa Singida, Manyara, Arusha, Kilimanjaro na Tanga mnaosoma nakala hii, siku hiyo msiulize tumezalisha megawati ngapi. Ulizeni ngapi zimefika.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Singida.